Jani la Chini na Maji ya Makayabu

Siku mliyoniaga kazini mliniona nikila sinia zima la samaki peke yangu, bila kumkaribisha mtu, kisha nikanywa chupa nne za maji nikiwa nimesimama. Baadhi yenu mlidhani ni uchoyo. Mmoja wenu, sitamtaja, alidhani ni ugonjwa, akaniletea kiti. Sasa nina muda mwingi kuliko nilivyowahi kuwa nao, na mke wangu, Mama Neema, amechoka kuniona nikihamisha viti sebuleni kutafuta mahali vinapopenda kukaa, kwa hiyo nitawaeleza. Lakini sitaanza na samaki. Yeye alianza safari mbali, na mimi vilevile.

Shule niliachia darasa la tano. Huwa nasema ni vita, na watu hunihurumia, lakini vita vilikuja baadaye. Ukweli ni kwamba nilimuuliza mwalimu kwa nini nyasi za njiani zinakanyagwa kila siku na hazifi, wakati maharagwe ya mama yakikanyagwa mara moja yanakufa. Akanitoa nje. Nikiwa nje niliona kitu kingine cha kuuliza, nikakifuata, na sikurudi tena. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kufuata vitu. Mke wangu anasema ndiyo maana tumehama mara nyingi kuliko wahubiri.

Louisville tulifika Neema akiwa bado anabebwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, upande wa Okolona: kutoa maboksi kwenye mkanda mmoja na kuyaweka kwenye mwingine. Supavaiza alinieleza kazi kwa sentensi moja, nikaielewa kwa dakika moja, na sehemu iliyobaki ikawa ni kuirudia. Wiki ya kwanza niliuliza ndani ya maboksi mna nini. Wiki ya pili niliuliza yanakwenda wapi. Wiki ya tatu nilihamishiwa nje.

Nje ndipo nilipokutana na chumvi. Baridi ikiingia nilipewa kitoroli chenye sahani inayozunguka chini, nisukume kwenye maegesho yote nikimwaga chumvi ili barafu isishike. Mtu aliyekulia mahali ambapo chumvi hupimwa kwa kijiko hawezi kuimwaga chini kwa magunia bila moyo kumuuma. Niliimwaga hivyohivyo, huku nikiiomba msamaha. Majira ya kuchipua yalipofika, nyasi za ukingo wa maegesho zilikuwa zimekufa kwa mstari ulionyooka, kama mtu amezipiga pasi. Lakini katikati ya mstari huo palikuwa na kishada kimoja cha kijani, kimekaa kama hakikuambiwa habari. Nilimwonyesha supavaiza, nikamuuliza mbona hiki hakikufa. Akasema hayo ni majani tu. Nikamwambia ndiyo, lakini ni majani tu yaliyo hai. Siku mbili baadaye nilikuwa nimerudi kwenye maboksi.

Niliacha kazi ile. Nikaosha malori, nikakunja mashuka ya hoteli, nikafanya kazi katika nyumba ya wazee ambako wazee walinipenda na wauguzi waliniomba niache kuuliza kila kidonge kinafanya nini. Kila mahali nilikuwa nakitazama kile kishada kichwani mwangu. Halafu binamu yangu aliyekuwa Hilliard, kando ya Columbus, alinipigia akasema huko kuna kazi na kochi. Tukahama. Kochi lilikuwepo.

Kazi niliipatia kanisani. Mama mmoja aliyekuwa akisafisha ofisi za taasisi ya utafiti wa mimea alitangaza kwamba wanatafuta mtu wa kumwagilia maji katika nyumba za vioo, zile ambazo mimea huoteshwa ndani hata nje kukiwa na theluji. Alisema mtu asiyechoka haraka. Mama Neema alininong'oneza kwamba hawakusema mtu asiyeuliza. Jumatatu nikapanda basi linalopita Clintonville, nikafika saa nzima kabla ya wakati.

Aliyenipokea aliitwa Delores, Mmarekani mrefu, mkuu wa nyumba za vioo, mwanamke aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina msumari wake wa kutundikwa. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa vyungu viwili vya ngano, akaniambia nifumbe macho na niseme kipi kina kiu. Nilivipima mkononi, nikasema cha kulia. Mtu aliyebeba bidoni za maji tangu utotoni hana haja ya mizani. Delores akanipa aproni, akanionyesha msumari wa aproni, na huo ndio ukawa usaili wangu.

Ninyi mnapima vyungu kwa mizani ya umeme na hamjui tena uzito wa kiu. Jifunzeni kwa mkono kwanza. Mizani huishiwa betri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mwanafunzi mmoja Mkenya, Nyambura, aliyekuwa akisomea udaktari wa mimea. Alikuwa msichana wa milimani, anaandika kwa mkono wa kushoto, na samaki kwake ilikuwa ni picha ya kitabuni. Shikeni mambo hayo mawili, mkono na samaki, yatarudi. Alikuwa anachunguza jinsi ngano inavyojikinga na chumvi na ukame. Vyungu vyenye kibandiko chekundu vilinyweshwa maji ya chumvi. Vyenye kibandiko cha njano vilinyimwa maji hadi vikawa vyepesi kama makopa ya muhogo. Vyenye kibandiko cheupe vilipewa maji safi yenye mbolea iliyopimwa, visisumbuliwe na chochote. Hivyo vyeupe ndivyo mashahidi. Bila mashahidi huwezi kujua kama mgonjwa ameumwa na chumvi au alizaliwa na uso ule.

Siku ya kwanza nilimuuliza maswali mpaka mchana. Siku ya pili alileta kiti cha pili.

"Mzee, wewe unauliza kama mtoto wa chekechea," aliniambia.

"Mtoto wa chekechea anajibiwa?"

"Ndiyo."

"Basi sijakasirika."

Nikajifunza. Ngano ina vinywa vidogo kwenye majani, havionekani kwa macho, na ndivyo vinavyotoa jasho. Udongo ukikauka, mizizi hupeleka habari juu, na vinywa hufungwa. Nilimwambia Nyambura hilo nalielewa. Ghalani Okolona, paleti ikianguka na supavaiza akauliza ni nani, wote tulifanya hivyohivyo. Ukame ukizidi, jani hujikunja kwa urefu kama mkeka, jua lipate upande mmoja tu wa kuuchoma. Aina nyingine hujipaka nta ya rangi ya majivu. Nyingine huharakisha kutoa masuke kabla hali haijaharibika kabisa, yaani huoa mapema. Ndani ya majani hutengenezwa sukari na vitu vingine vinavyoshika maji yasitoroke. Na mizizi huenda chini, chini, kutafuta.

Chumvi ni mbaya zaidi kwa sababu ni tapeli. Udongo umelowa, ukiugusa unalowesha mkono, lakini chumvi imeyashika maji na mmea hauwezi kuyanywa. Unakufa kwa kiu miguu ikiwa majini. Halafu kile kidogo cha chumvi kinachopenya kinauma chenyewe. Ngano nzuri huizuia mlangoni, kwenye mizizi. Ikipita, huipokonya njiani kabla haijafika juu. Ikifika juu, huifungia kwenye vyumba vya ndani vya jani. Na inapokwisha kujaa kila mahali, ngano hufanya jambo ambalo siku niliyoambiwa nilikaa chini: chumvi iliyobaki inaishia kwenye jani la chini kabisa, lililozeeka. Jani hilo linaungua kuanzia nchani, linakuwa njano, linakauka, linaanguka na mzigo wake. La juu, changa, linabaki kijani.

"Nani analiambia jani la chini?" niliuliza.

Nyambura akafikiri. "Mzee, hiyo bado sijui."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kweli. Mwalimu wangu wa darasa la tano angenitoa nje.

Kuona vile vinywa kuna ufundi mmoja ambao nawaachia. Unapaka jani rangi ya kucha isiyo na rangi, inakauka, unaibandua kwa utepe wa gundi, unaiweka chini ya hadubini, na vinywa vyote vimejichora hapo, wazi au vimefungwa. Niliipenda kazi hiyo. Nilipaka kwa uangalifu kiasi kwamba Delores aliuliza kama natoa huduma hiyo Jumapili. Tatizo ni kwamba chupa moja ilirudi nyumbani ndani ya mfuko wa suruali, na Mama Neema ndiye anayefua.

"Papa Neema, hii rangi ni ya nani?"

"Ya ngano."

"Ngano iko na kucha?"

"Ngano haiko na kucha. Iko na midomo."

"Bon," akasema, akakaa kitandani. "Sasa ni mwanamke wa midomo."

Nililazimika kumpeleka kazini Jumamosi moja akaona mwenyewe chini ya hadubini. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hata hivyo midomo ile ni mibaya. Mambo yakaisha.

Sasa samaki. Wasiotoka kwetu niwaeleze: makayabu ni samaki mkavu aliyezikwa kwenye chumvi hadi amekuwa ubao. Huwezi kuyapika hivyohivyo. Huyaloweka kutwa nzima, na maji unayabadilisha mara tatu. Ya kwanza yanatoka machungu. Ya pili yanatoka kama machozi. Ya tatu yanakaribia mchuzi. Ukiruka hatua hiyo, hakuna anayekula. Nyumbani kwetu Columbus tulikuwa na jiko la ukubwa wa kabati, na koti la shule la Neema lilining'inia hapo, likinyonya harufu. Neema alirudi siku moja akasema kitu kirefu kwa Kiingereza cha haraka ambacho nilielewa neno moja tu, nalo lilikuwa samaki. Mama Neema akapiga marufuku kuloweka ndani ya nyumba.

Lakini Jumamosi nilikuwa zamu peke yangu katika nyumba za vioo. Palikuwa na sinki la chuma refu kama jeneza na mapangaboi yanayofukuza hewa siku nzima. Nilikuwa naweka makayabu kwenye ndoo yangu saa nne asubuhi, nabadilisha maji saa sita, nabadilisha saa nane, na jioni narudi nyumbani na samaki laini, tayari kwa chakula cha Jumapili baada ya ibada. Maji ya kwanza niliyamwaga. Hata mimi nina mipaka. Ya pili na ya tatu sikuweza. Huko nilikotoka maji hayamwagwi. Aliyeosha mchele anaipa mboga maji yake, aliyeoga anatuliza vumbi la uani. Mtu aliyepanda mlima na bidoni mgongoni hawezi kutazama maji yakiingia kwenye tundu hivi hivi. Nyuma ya nyumba ya vioo nilikuwa nimepanda lenga-lenga zangu, ambazo kwingine huitwa mchicha, na lenga-lenga haina makuu. Donc, yaani basi, maji yale nikayawekea lenga-lenga.

Keni za bluu za kumwagilia zilikuwa mbili, sawasawa kama mapacha. Moja niliitumia kutayarisha maji ya mbolea ya vyungu vyeupe: nayapima kila Jumamosi, naandika kipimo daftarini, Nyambura anayatumia Jumatatu. Nyingine ikawa ya maji ya samaki, yanayongoja Jumatatu kwa sababu Jumamosi jioni nawahi basi. Ili zisichanganyike nilifunga kipande cha kitenge kwenye mkono wa keni yangu, nikamwambia Nyambura yenye kitambaa ni yangu. Akasema sawa Mzee, hakuuliza ina nini ndani. Ndiyo kasoro yake ya pekee niliyowahi kuiona.

Mpango ulikuwa mzuri. Haukumjumuisha Delores.

Delores aliona kitambaa kimefungwa mahali pasipo pake. Akakifungua, akakifua, akakitundika kwenye msumari wa vitambaa. Nilipokuta kitenge hakipo nilijiambia si neno, nitakumbuka: ya kwangu naiweka kushoto, ya ngano kulia. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilikuwa nakumbuka vizuri sana. Jumatatu asubuhi Nyambura anafika kabla yangu. Anakuta keni mbili hazina kitambaa, anadhani ya Mzee imeondolewa na hizi zote ni zake, na kwa kuwa mkono wake ni wa kushoto, anachukua ya kushoto, na harufu ya samaki haijui. Mimi nikifika nakuta imebaki moja, na sijiulizi mengi kuhusu kitu kilichobaki peke yake. Naipeleka kwa lenga-lenga.

Ikawa hivyo wiki sita.

Lenga-lenga zangu zilishangaza watu. Zilifika kifuani, zikafika shingoni, majani mapana kama sinia. Niligawa kanisani kwa mafungu. Mzee wa kanisa, Papa Byamungu, alinishika mkono mlangoni.

"Papa Neema, ile lenga-lenga yako iko inaniogopesha. Unaitiaka nini?"

Nikamwambia ni subira. Akaniomba nitoe ushuhuda, na nikautoa, mbele ya watu, dakika nyingi, juu ya subira na mboga. Sipendi kuukumbuka.

Wakati huohuo Nyambura alikuwa anakonda. Vyungu vyake vyeupe, vile visivyosumbuliwa na chochote, vilikuwa vinasumbuka. Majani yanajikunja mchana, vinywa vimefungwa, urefu hauongezeki. Alipima maji ya bomba, alikagua taa, alisoma daftari langu mara tano, na daftari langu lilikuwa safi. Kama mashahidi wanaumwa ugonjwa uleule wa wagonjwa, kesi haipo. Muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha mwisho wa mwaka ule. Ngano haikubali kuharakishwa, na kuanza upya kungempitisha tarehe. Asipomaliza, anarudi kwao mikono mitupu. Mama yake kule milimani alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wamwite Mama Daktari.

Jumatatu ya wiki ya sita nilimkuta kwenye meza ya vyungu, kompyuta mapajani, Delores amesimama pembeni yake na mikono kifuani. Nyambura aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia kwamba anamwandikia profesa wake. Atasema alikosea kuchanganya chumvi, hana maelezo mengine, na anajitoa.

Nikamwomba anipe mpaka saa sita. Akasema saa sita haitabadilisha kitu. Nikamwambia basi haidhuru nikiitumia.

Nilivitazama vyungu vyeupe kama alivyonifundisha mwenyewe. Majani ya juu yalikuwa yamekunjika lakini kijani. Ya chini yalikuwa yameungua nchani, njano inashuka. Udongo ulikuwa umelowa. Nikainua chungu: kizito. Hii haikuwa kiu ya ukame, ilikuwa kiu ya mguu majini. Chini ya kila chungu kuna kisahani kinachokinga maji yanayochuruzika. Delores amekataza kuonja kitu chochote ndani ya nyumba ya vioo, na amri hiyo ni nzuri, mwifuate. Mimi nilichovya kidole, nikalamba.

Ladha ile niliijua. Nilikuwa nimeila jana yake, na ugali.

Nikainua kichwa. Kupitia kioo lenga-lenga zangu zilikuwa zinanitazama kutoka juu, zimefika kwenye mfereji wa paa, zimenenepa kwa mbolea iliyopimwa ya taasisi. Nikatazama rafu. Kushoto, kulia. Nikaona kitenge changu kwenye msumari, safi, kimepigwa pasi.

Nitawaambia nilichofikiri, maana ninyi ni vijana na mtafika hapo. Nilifikiri kwamba hakuna anayejua. Nilifikiri kwamba hii ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo sikutaka kuiacha. Lenga-lenga zingekatwa kwa dakika tano, visahani vingeoshwa kwa kumi. Vinywa vyangu vyote vilifungwa. Kisha nikamsikia Nyambura akimsomea Delores barua yake, akiomba msamaha kwa kosa ambalo kuna mtu alikwisha kulila na ugali.

Nikaenda nikawaambia. Nilianza na koti la Neema, kwa hiyo ilichukua muda. Nikafika kwenye ndoo, kwenye maji ya pili na ya tatu, kwenye kitenge. Nilipofika kwenye kitenge Delores aliketi chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za kazi. Akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba kitambaa kilikuwa mahali pasipo pake. Nikamwambia ndiyo, na mimi pia.

Nyambura alishusha kifuniko cha kompyuta. Kisha akasema, "Mzee, nikimwambia profesa kwamba ni samaki, atauliza nani ana samaki. Watakufukuza. Wacha niseme ni mimi."

"Mwanangu, wewe ndiye ulinifundisha. Chumvi ikizidi inawekwa wapi?"

Akanitazama.

"Mimi ndiye jani la chini. Weka hapa."

"Jani la chini huanguka, Mzee."

"Linaanguka baadaye. Kwanza linabeba."

Alifunika uso kwa mikono miwili na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kilio. Delores alidhani ni kilio, akaenda kuleta karatasi za kufutia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kompyuta ikateleza mapajani, na nikaidaka. Halafu akafuta macho, akafungua daftari, akashika kalamu kwa mkono wake wa kushoto.

"Kilo ngapi za samaki kila Jumamosi?"

Mnajua tabia ya mtu wa sayansi kwa swali lake la kwanza.

Kilichomwokoa ni kwamba katika chumba cha pili alikuwa na vyungu vyeupe vingine, vichache, vya akiba, vilivyonyweshwa kwa bomba dogo la matone. Keni haikuwahi kufika huko. Vilikuwa vizima, na vilitosha kwa shida. Vyungu vyeupe vya kwanza vilitolewa kwenye hesabu, na ndani ya tasnifu yake kuna sentensi moja, nimeonyeshwa, inayosema vimeondolewa kwa sababu ya chumvi isiyokusudiwa iliyotokana na samaki. Hukumu yangu ilitoka kwa Delores. Nitabaki kazini. Nitaandika mwenyewe tangazo la kubandika juu ya sinki, kwa kila lugha ninayoijua. Nikaandika kwa Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza na Mashi, lugha ya kwetu: hakuna samaki. Kisha akaomba fungu la lenga-lenga. Akazipika na nyama ya nguruwe ya kukaanga, akasema ni nzuri, na sikubishana naye. Kanisani nilisimama tena kurekebisha ushuhuda. Papa Byamungu alisema subira ilikuwa bora, lakini mbolea inaeleweka zaidi.

Siku Nyambura alipotetea tasnifu yake nilialikwa, nikakaa nyuma na shati la harusi. Chumba kilijaa watu waliosoma. Aliongea vizuri, michoro ikapita, wakauliza mambo ambayo nusu yake niliyajua. Kisha profesa mmoja mzee, mwenye nywele zimesimama kama masuke, akageuza kurasa na kuuliza maji ya samaki yalibadilishwa mara ngapi. Nyambura akageuka akanitazama. Chumba kizima kikageuka.

Nikasimama. Nikasema mara tatu, bwana profesa, lakini ya kwanza niliyamwaga.

Akaandika. Akanishukuru. Nilisubiri kidogo, kwa mazoea, nione kama kuna atakayenitoa nje. Hakuna.

Mengine mnayajua. Nyambura alipata kazi hapa Buffalo, kutafuta nyasi na nafaka zinazovumilia chumvi, kwa kuwa mji huu humwaga chumvi barabarani kana kwamba unapika. Mwaka uliofuata alinipigia simu. "Mzee, njoo. Ila samaki aje amepikwa." Nikahama tena, lakini safari hiyo nilijua ninachokifuata. Asubuhi ya kwanza nilimwonyesha ukingo wa maegesho yetu, mstari wa nyasi zilizokufa, na kishada kimoja cha kijani. Nikamwuliza nilichomuuliza supavaiza wa Okolona. Alipiga magoti kwenye matope kwa suruali ya ofisini, akakitazama, akasema tukichimbe. Mnakijua, kiko kwenye chungu namba moja, na mmoja wenu amekuwa akikiita cha Mzee bila kujua ni kwa nini.

Basi, siku ya kuniaga. Mliona Daktari Nyambura akiingia na sinia limefunikwa, uso unang'aa. Alikuwa ameyatafuta makayabu katika maduka ya watu wetu upande wa magharibi wa mji, ameyapika mwenyewe, mara ya kwanza, kwa vitunguu na nyanya. Akaniwekea sahani ya kwanza kwa heshima. Ninyi mlikuwa mmepanga foleni na sahani zenu.

Nilitia tonge mdomoni. Hakuwa ameyaloweka.

Mtu ambaye aliandika idadi ya maji yale daftarini, akaitetea mbele ya maprofesa, akaipiga chapa, alikuwa ameyatoa kwenye chumvi na kuyaweka moja kwa moja kwenye mafuta. Yalikuwa machungu kiasi kwamba nilihisi nchani mwa masikio. Na alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameikunja kama mtoto anayesubiri alama, na nyuma yake ninyi wote, wafanyakazi wake, mmeshika uma.

Nikavuta sinia lote kwangu. Nikasema haya ni yangu, leo ni siku yangu, ninyi kuleni keki.

Nilikula yote. Mama Neema, aliyekuwa amekaa karibu na kunusa akajua, alinisogezea maji chupa baada ya chupa. Nyambura akauliza kama ni matamu.

Nikamwambia makayabu hayajawahi kunikolea vile.